Tujifunze Lugha ya Nani?

Ndugu msomaji, kama umezaliwa Kariakoo, Ngarenaro au Mwembechai, huenda hujawahi kujiuliza Kiswahili ulijifunza lini. Ulikikuta tu nyumbani. Ulipoingia darasa la kwanza ulikuwa umeshagombana kwa Kiswahili, umeshaimba kwa Kiswahili, na mama yako umeshamdanganya kwa Kiswahili. Kazi ya mwalimu ilikuwa moja: kukuonyesha namna ya kuyaandika maneno ambayo mdomo wako ulikuwa unayajua tayari.

Sisi wa Mbulu na Hanang mambo hayakwenda hivyo. Wengi wetu Kiswahili tulikutana nacho shuleni, siku ile ile tuliyokutana na chaki, kengele na fimbo. Kwa mtoto wa kijijini kwetu, Kiswahili siku ya kwanza ni lugha ya kigeni, kama ambavyo Kihispania kingekuwa lugha ya kigeni kwa mtoto wa Magomeni. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Huyo mtoto wa Magomeni angefundishwa Kihispania taratibu, kwa picha na nyimbo, kila mtu akijua kwamba hajui. Mtoto wa kwetu anafundishwa Kiswahili kana kwamba anakijua. Asipojibu, anaandikwa mjinga.

Habari hii ina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Nataka kuisimulia hapa kwa sababu inatuhusu sana sisi vijana tunaoota kuandika vitabu. Maana hata mimi ninayekuandikia nakuandikia kwa lugha niliyopewa shuleni, na riwaya ninayohangaika nayo usiku naiandika kwa lugha hiyo hiyo.

MLIMA MMOJA, LUGHA ZA MBALI

Kwanza tujuane. Watu wa mijini mnatuita "Wambulu", sisi wenyewe tunajiita Wairaqw. Majirani zetu Wadatooga mnawaita "Wamang'ati", neno lililotoka kwa Wamaasai na maana yake ni maadui. Hebu fikiria unaitwa "adui" katika daftari la mahudhurio! Lakini tuyaache hayo kwanza.

Kuuzunguka mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, na kwenda hadi bonde la Yaeda, zinazungumzwa lugha ambazo hazina undugu kabisa. Kiiraqw ni cha ukoo wa Kikushi, binamu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kidatooga ni cha Waniloti, ukoo mmoja na Kikalenjini cha Kenya. Wahadzabe wa Yaeda na ziwa Eyasi wanazungumza lugha yenye sauti za kualika ulimi, ambayo wataalamu hadi leo hawajaipatia ndugu wa uhakika. Halafu pembeni wapo Wabantu: Wanyaturu, Wanyisanzu, Warangi, Wambugwe. Ni sehemu chache sana za Afrika ambapo koo hizi zote za lugha zinakutana karibu namna hii, na ndiyo sababu wataalamu wa lugha kutoka Ulaya hawaishi kuja kwetu na vinasa sauti vyao.

Sasa angalia. Mtoto wa Kisukuma akisikia "mtu, watu" hashtuki, maana kwao kuna "munhu, banhu". Ngeli amezinyonya na maziwa. Mtoto wa Kiiraqw hana ngeli za namna hiyo. Lugha yake ina jinsia tatu za majina: ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike, tena jina moja laweza kuwa la jinsia moja likiwa umoja na jinsia nyingine likiwa wingi. Kitenzi nacho kwa kawaida hukaa mwishoni mwa sentensi. Yaani mwalimu anaposema "kiti changu, meza yangu, mti wangu", mtoto wa Kibantu anasikia utaratibu anaoujua, wa kwetu anasikia vurugu.

Na sauti je? Kiiraqw cha asili hakina v wala z. Ndiyo maana mtoto wa kwetu akiulizwa hali anajibu "fisuri", na darasa likiwa na watoto wa watumishi kutoka mikoa mingine, hicho ni kicheko cha wiki nzima. Lakini na sisi tuna sauti ambazo ninyi hamziwezi. Neno letu la ng'ombe ni "slee". Hiyo sl si s na l zilizokaa jirani; ni sauti moja, hewa inapita pembeni mwa ulimi. Dkt. Wilbrod Slaa, mzaliwa wa Mbulu, aligombea urais mwaka 2010 na nchi nzima ikamwita "Silaa" kuanzia Januari hadi Desemba. Hakuna aliyechekwa darasani kwa kosa hilo.

Wadatooga nao wana jambo lililonishangaza nilipolifahamu. Mwanamke wao akiolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana kwa sauti na jina hilo. Hutumia maneno mengine mahali pake. Kwa hiyo mtoto wa Kidatooga anakua akimsikia mama yake akikiita kitu kwa neno tofauti na lile wanalotumia wengine, na anayajua yote mawili. Mtoto wa namna hiyo, ambaye anajua kabla ya kuota meno ya utu uzima kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili na kila jina lina adabu yake, ndiye anayekaa dawati la nyuma huku mwalimu akisema hana akili ya lugha!

KILIVYOPANDA MLIMANI

Kiswahili hakikuja kwetu kwa jahazi wala kwa ndoa. Kilikuja na serikali. Wajerumani walipoitawala nchi hii walihitaji lugha moja ya kuendeshea kodi, kesi na amri. Walikikuta Kiswahili pwani, wakaanzisha shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na waliofundishwa huko na kwingineko wakawa makarani, maakida na walimu wa bara. Ilipojengwa boma Mbulu, Kiswahili kilipanda mlimani pamoja na askari. Mapadri Weupe nao walifungua misheni Tlawi mwaka 1907. Wazee wetu wa Irqwa Da/aw, ile nchi ya milimani ya Kainam ambako Wairaqw walijazana kabla ya kuenea, walikisikia Kiswahili kwanza kama lugha ya kuitwa na kutumwa.

(Mkwaju huo uliouona katikati ya Da/aw si kosa la mchapaji. Ni herufi. Ndivyo tunavyoandika sauti moja ya kooni, ambayo Kiswahili hakina.)

Waingereza walipochukua nchi baada ya vita vya kwanza vya dunia, hawakukiacha Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Hebu fikiria safari hiyo. Mtoto wa Dongobesh, ambaye hajawahi kuona bahari, anatakiwa kusema kama watu wa mjini Unguja. Na mwalimu anayemsahihisha pengine naye bahari hajaiona. Madarasa ya chini yalifundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa cha wale wachache waliofika juu.

Babu yangu mzaa mama alisoma madarasa manne katika miaka ya 1950. Nilimuuliza mwaka wa kwanza walijifunza nini. Akanijibu: "Tulijifunza kusimama wengine wakisimama, na kukaa wengine wakikaa." Nikadhani ananitania. Hapana. Alisema mwalimu alikuwa anasema neno, mtoto mmoja aliyewahi kuishi mjini anafanya kitendo, na darasa zima linamwiga. Siku mtoto huyo alipougua, darasa halikujua kama limeambiwa litoke nje au lifungue madaftari.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na jambo jingine linaendelea jirani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway waliingia kwetu, na mwaka 1955 hospitali ya Haydom ikafunguliwa. Wamisionari hawa walijifunza Kiiraqw. Mwaka 1958 Mwingereza mmoja mtaalamu wa lugha, W. H. Whiteley, alichapisha maelezo mafupi ya sarufi ya Kiiraqw. Kwa hiyo kanisani na kwenye vitabu vya wataalamu lugha yetu ilikuwa inaandikika. Mzungu alijifunza Kiiraqw ili atuambie habari za Mungu. Shule haikujifunza Kiiraqw ili ituambie habari za kujumlisha na kutoa.

Na kuhesabu tulikuwa tunajua! Wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mtoto anayechunga anarudi jioni na mifugo, na asipojua idadi yake atalala nje. Anaingia darasani akiwa tayari mhasibu, halafu anaambiwa aanze upya, "moja, mbili, tatu", kana kwamba kichwani hamkuwa na kitu.

LUGHA YA TAIFA

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sitaki kusema Kiswahili kilituonea, basi. Ukweli una pande mbili, na mwandishi asiyeona pande mbili aache kalamu akalime.

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Kwa mtu wa Mbulu hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kabla ya hapo ukitaka kwenda mbele ilibidi uvuke mito miwili, Kiswahili halafu Kiingereza. Sasa mto wa pili ulisogezwa hadi sekondari. Na Kiswahili kikafanya kazi ambayo hakuna lugha nyingine ingeifanya. Leo mnadani Katesh au Dongobesh, Mwiraqw, Mdatooga, Mnyaturu na Mchaga mwenye duka wanapatana bei bila mkalimani na bila rungu. Nchi ngapi za Afrika zinaweza kusema hivyo?

Mwaka 1974 huko Musoma chama kiliamua kwamba elimu ya msingi iwe kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Ndiyo UPE ambayo wazazi wetu wanaisimulia. Wakati huo huo, 1974 hadi 1976, ilikuwa Operesheni Vijiji. Mwanahistoria Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika jinsi operesheni hiyo ilivyowahamisha Wairaqw wa mashariki kutoka kwenye maboma yao, wakaacha ardhi waliyokuwa wakiijua kwa vilima, vijito na mizimu yake. Kijiji kipya kilikuwa na shule. Upande wa Hanang, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 uwanda wa Basotu uligeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, na yalipokamilika yalifika karibu ekari 100,000. Wadatooga waliokuwa wakilisha humo walisukumwa pembeni. Mzazi anayehama na mifugo kwa sababu malisho yamelimwa, umwambie ampeleke mtoto shule gani? Na huyo mtoto akifika, anakutana na lugha ya watu wale wale waliokuja na matrekta.

Wahadzabe nao, katika miaka ya 1960, serikali ilijaribu kuwakalisha Yaeda Chini, na watoto wao wakawekwa bwenini. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kukaa ndani ya ukuta.

Kitabu cha Kiswahili kilichotumika shule za msingi kwa miaka mingi kiliitwa Tujifunze Lugha Yetu. Naipenda sana anwani ile, na inanichoma vile vile. Yetu! Kwa nchi ilikuwa kweli, na ilikuwa nia njema. Kwa mtoto wa darasa la kwanza Maretadu ilikuwa ahadi ya baadaye: siku moja itakuwa yako, ukivumilia. Kitabu kile kiliandikwa kwa mtoto anayekijua Kiswahili tayari na anatafuta herufi tu. Hakuna aliyeandika kitabu cha mtoto asiyekijua.

Aliyeziba pengo hilo alikuwa mwalimu wa UPE. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, kwa redio, kwa posta na kwa kufundisha. Watu wa mijini waliwacheka sana walimu hao, eti hawajui Kiingereza, eti nusu walimu. Lakini wengi wa vijijini kwetu walikuwa watoto wa pale pale. Walijua Kiiraqw. Mtoto akikwama walikuwa wanageuka, wanamwambia kwa lugha ya nyumbani, wanarudi kwenye Kiswahili. Mama yangu mdogo aliyesoma enzi hizo anasema: "Mwalimu wetu alikuwa na midomo miwili, mmoja wa mkaguzi na mmoja wetu." Ufundishaji huo haukuandikwa katika mtaala wowote, lakini ndio uliofanya mama mdogo asome barua hadi leo.

KIBAO

Mimi nilianza shule katika miaka ya 2000, Mbulu na Hanang zikiwa zimeshatolewa mkoa wa Arusha na kuwekwa mkoa mpya wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002. Shule yenyewe siitaji jina. Pale kulikuwa na kibao, kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Ukisikika unaongea Kiiraqw, unavishwa shingoni. Unakaa nacho hadi umsikie mwenzako naye akiteleza, unamvisha yeye. Jioni kengele ikigongwa, aliyenacho anachapwa, na wote waliokivaa siku hiyo wanataja majina yao.

Shule nyingi za Afrika zimekuwa na kitu cha namna hiyo. Wenzetu wa Kenya wanakijua vizuri, kwao kikitumika kulinda Kiingereza. Waliokibuni walidhani kinafundisha lugha. Kinachofundisha hasa ni kunyamaza. Mtoto anagundua haraka kwamba asiyesema kitu havishwi kibao. Katika darasa letu kulikuwa na msichana mmoja wa Kidatooga ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumsikia sauti. Mapumziko alikuwa anasimama ukutani. Alikuja kuacha shule darasa la tatu, na daftari la shule bila shaka liliandika "mtoro".

Ila mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa mama mmoja wa Kiiraqw, na yeye alikuwa wa mtindo wa UPE. Alifunga mlango, akachora kibuyu ubaoni, akasema "ma'ay". Tukacheka wote kwa furaha, maana lilikuwa neno letu. Kisha akasema "maji". Ma'ay, maji. Maneno hayo hayana undugu wowote, ni bahati tu kwamba yanafanana, lakini yeye aliitumia bahati hiyo. Siku ile nilipata neno langu la kwanza la Kiswahili ambalo nililielewa. Aliendelea hivyo: "do'", nyumba, "slee", ng'ombe. Kwanza tunasikia, halafu tunasema, halafu ndipo tunaandika. Ukiwauliza wanaofundisha watoto lugha za kigeni popote duniani watakwambia huo ndio utaratibu. Mama yule hakuwahi kusikia wanavyosema wenzake wa popote. Alikuwa anakumbuka tu alivyoteseka yeye.

MTO WA TATU

Kiingereza nacho hakikukaa mbali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikibakiza Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, Kiingereza kikiwa somo la lazima. Na shule za binafsi za Kiingereza zikaanza kuchipua mijini. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili, kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiingereza kikasubiri darasa la tatu. Mtaala wa mwaka 2023 umekirudisha darasa la kwanza, na Kifaransa, Kiarabu na Kichina vimewekwa kama masomo ya kuchagua.

Sina ugomvi na lugha hizo, mimi mwenyewe ningependa kujua hata Kihispania. Ninachoona cha ajabu ni hiki: kwa Kichina tunakubali kwamba mtoto hajui, kwa hiyo tunatafuta mwalimu maalumu, kitabu maalumu, na hatumchapi akikosea. Kwa Kiswahili cha Mbulu hatujawahi kukubali.

Nimetaja Kihispania makusudi. Huko Peru, Amerika ya Kusini, kuna mamilioni ya watu wanaozungumza Kikechua, lugha ya milima ya Andes. Kwa karne nyingi watoto wao walifundishwa shule kwa Kihispania, lugha iliyoletwa na watawala, kana kwamba wanakijua. Mwaka 1975 serikali ya Jenerali Juan Velasco Alvarado ilitangaza Kikechua kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Miezi michache baadaye jenerali alipinduliwa, na moto ule ukapoa. Paraguay walikwenda mbali zaidi: katiba yao ya mwaka 1992 inakitambua Kiguarani kuwa lugha rasmi sawa na Kihispania, na inasema mtoto aanze masomo kwa lugha rasmi aliyozaliwa nayo, huku akifundishwa ile nyingine. Paraguay haikuvunjika. Kihispania hakikufa.

Kuna mwandishi mmoja wa Peru napenda mumfahamu, José María Arguedas, aliyezaliwa 1911 na kufa 1969. Alilelewa na watumishi Wahindi wa Andes, akakua anasema Kikechua. Riwaya zake aliandika kwa Kihispania, lakini Kihispania kilichobeba pumzi ya Kikechua ndani yake. Leo ni mmoja wa waandishi wanaoheshimiwa sana katika nchi yake. Alikipokea kilichokuwa kigeni, akakilazimisha kimsikilize bibi yake.

TUNAFANYAJE?

Najua kuna atakayesema: kijana huyu analeta ukabila. Hapana. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, ya serikali yetu wenyewe, inatutaka tujivunie lugha za makabila, tuzifanyie utafiti na kuziandikia kamusi. Tatizo ni kwamba sera hiyo inaishia mlangoni mwa darasa.

Na kuna waliokwishaanza. Mwaka 1993 Mdachi Maarten Mous alichapisha sarufi kubwa ya Kiiraqw. Mwaka 2002 ikatoka kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, na mmoja wa waandishi wake watatu ni Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sasa sikiliza vizuri. Martha Qorro huyu huyu ndiye mmoja wa wasomi waliopigania kwa miaka mingi Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, badala ya Kiingereza ambacho wanafunzi hawakielewi. Ameitunza lugha ya Wairaqw na amekipigania Kiswahili. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili, maana hoja ni ile ile: mtu hufundishika kwa lugha anayoielewa. Hoja hiyo ukiishika ukiwa Dar es Salaam, inakupeleka kwenye Kiswahili. Ukiipandisha Mbulu kwa mtoto wa miaka sita, inakupeleka kwenye Kiiraqw na Kidatooga kwanza, halafu Kiswahili juu yake.

Siombi vitabu vya hesabu vya darasa la saba kwa Kidatooga. Naomba mambo madogo. Mwaka wa awali, ambao sera ya 2014 imeufanya wa lazima, uwe mwaka wa kuvuka: masikio kwanza, picha, nyimbo, michezo, mwalimu akiruhusiwa kutumia lugha ya nyumbani bila kufunga mlango. Anayepangiwa shule ya kijijini akitoka mkoa mwingine afundishwe walau maneno mia mbili ya watoto wake. Na kibao, popote kilipo, kikatiwe kuni.

Na sisi waandishi? Wengi wetu tunaoandika Kiswahili hatukuzaliwa nacho. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kwao wanasema Kikerewe. Alikichukua Kiswahili cha shule akaandika Rosa Mistika mwaka 1971, na riwaya ya Kiswahili haikubaki kama alivyoikuta. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba Kiswahili ni cha pwani tu na sisi ni wageni humo. Tumekilipia. Tumekilipia kwa viboko, kwa kicheko cha "fisuri", na kwa wale walionyamaza hadi wakaacha shule.

Lakini deni lipo upande wa pili pia. Wazee wetu wana slufay, maombi ya kishairi ambayo mzee huyatongoa mbele ya watu nao wakiitikia, mstari kwa mstari, wakiiombea nchi mvua na amani. Kila mzee mmoja akizikwa, zinakwenda ngapi? Katika riwaya yangu yumo bibi ambaye maisha yake yote hakusema Kiswahili zaidi ya salamu. Kila akifungua kinywa katika kurasa zangu inabidi aseme Kiswahili, ili wewe wa Kariakoo umsikie. Nimejaribu kumpa Kiswahili cha redio, akawa si yeye. Nimejaribu kumpa Kiswahili kibovu, akawa kichekesho, na bibi yule alikuwa msemaji kuliko wote kijijini. Sasa hivi nasema sentensi yake kwanza kwa Kiiraqw, kwa sauti, peke yangu chumbani, nasikiliza inapopumua, ndipo naitafutia Kiswahili. Kazi inakwenda polepole sana, jamani. Kuna siku napata mistari minne.

Wewe wa Bukoba, wa Mtwara, wa Sumbawanga, ambaye nawe una bibi wa namna hiyo, jaribu hivyo uniambie. Na kama una mdogo wako anaanza shule mwaka huu kijijini, mwulize jioni amesikia maneno mangapi na ameelewa mangapi. Mwulize kwa lugha anayoijua.